Willis Carrier na Unyevu wa Hewa

Umeanika nguo mara nyingi, nawe umeona jinsi zinavyokauka. Maji yaliyokuwa ndani ya nguo hayakupotea. Yaligeuka mvuke, yakaingia katika hewa. Mvuke huo hauonekani kwa macho, lakini umo katika hewa yote inayotuzunguka: darasani, shambani, juu ya ziwa, na hata jangwani. Kiasi cha mvuke wa maji uliomo katika hewa ndicho tunachokiita unyevu wa hewa.

Pengine utafikiri kwamba jambo hili ni dogo. Lakini unyevu ukizidi, chumvi huloa koponi, karatasi hulegea, na nguo zilizowekwa sandukuni huota kuvu. Unyevu ukipungua mno, midomo hupasuka, pua hukauka, mbao hufanya nyufa, na nyuzi za pamba hukatika. Katika sura hii utasoma maisha ya mtu aliyetumia karibu miaka 50 kuuchunguza unyevu wa hewa na kuutawala. Jina lake ni Willis Haviland Carrier. Watu wengi humkumbuka kwa mitambo ya kupoza hewa. Hata hivyo, utaona kwamba kazi iliyompa sifa mwanzoni ilihusu karatasi, na kwamba maarifa yaliyomwezesha kukausha hewa wakati wa joto ndiyo hayo hayo yaliyomwezesha kuilowesha wakati wa baridi.

Utoto na masomo

Carrier alizaliwa tarehe 26 Novemba 1876, katika shamba lililo karibu na mji mdogo uitwao Angola. Usiuchanganye mji huo na nchi ya Angola iliyoko Afrika. Mji tunaousema uko katika jimbo la New York, nchini Marekani, karibu na Ziwa Erie. Mahali hapo majira ya baridi ni makali. Theluji huanguka kwa wingi, na upepo wa ziwani huvuma kwa nguvu. Kwa miezi kadhaa watu hufunga milango na madirisha, na kuwasha moto ndani ya nyumba ili wapate joto. Kumbuka jambo hili, kwa sababu tutalirudia.

Willis alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alikuwa mkulima. Mama yake alikuwa hodari wa kazi za mikono; saa na cherehani za nyumbani zilipoharibika, yeye mwenyewe alizitengeneza. Inasimuliwa kwamba Willis alipokuwa na umri wa miaka tisa hesabu za sehemu zilimshinda kabisa. Mama yake hakumgombeza. Alimtuma alete matofaa kutoka ghalani, kisha akamwambia ayakate nusu kwa nusu, halafu robo, halafu sehemu za nane, na kuzijumlisha na kuzitoa vipande hivyo mkononi. Tangu siku hiyo mtoto huyo alielewa kwamba tatizo kubwa hushindwa kwa kukatwa vipande vidogo, kimoja baada ya kingine. Alilishika fundisho hilo maisha yake yote.

Mama huyo alifariki Willis akiwa na umri wa miaka 11 tu. Baadaye ikaja miaka ya shida. Mazao ya wakulima yalikosa bei nzuri, na fedha za kumpeleka kijana masomo ya juu hazikuwapo. Alipomaliza shule ya mji wake, Willis alifundisha shule kwa muda. Kisha akaenda mji wa Buffalo kuongeza masomo, akashinda mtihani uliompa msaada wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Cornell. Msaada huo haukutosha mahitaji yake yote. Alikata majani, akapakua chakula, akafua nguo za wanafunzi wenzake, ili apate fedha za kujikimu. Mwaka 1901 alihitimu na kuwa mhandisi.

Mwaka huo huo aliajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge, iliyotengeneza feni kubwa na mitambo ya kupasha hewa joto. Mshahara wake ulikuwa dola 10 kwa juma. Mara alitambua kwamba wahandisi wengi walikuwa wakikisia. Walipotaka kujua mtambo fulani utatoa joto kiasi gani, hawakuwa na vipimo vya kuaminika. Basi Carrier akaanza kupima. Alipima joto la hewa kabla ya kupita katika mabomba na baada ya kupita, akaandika kila alichokiona, na kutengeneza majedwali ambayo wenzake wangeyatumia.

Tatizo la karatasi

Mwaka 1902 wapiga chapa wa kampuni ya Sackett-Wilhelms, huko Brooklyn katika jiji la New York, walikuwa katika mashaka. Walipiga chapa picha za rangi. Ili kupata picha moja, karatasi ile ile ilibidi ipite katika mashine mara kadhaa, kila mara kwa rangi moja. Karatasi imetengenezwa kwa nyuzinyuzi za mimea. Nyuzinyuzi hizo hunywa mvuke uliomo hewani na kuvimba. Hewa ikikauka, nazo hukauka na kusinyaa. Kwa hiyo karatasi iliyokwisha kupigwa rangi nyekundu ilibadilika kidogo kabla ya kupigwa rangi ya buluu. Rangi ya pili ikaanguka kando ya mahali pake. Picha zikaharibika, karatasi na wino vikapotea bure, na kazi za wateja zikachelewa.

Shida hiyo ililetwa kwa Carrier. Alikuwa na umri wa miaka 25, na kazini alikuwa na mwaka mmoja tu. Mtu mwingine angefikiria kuweka feni kubwa ili karatasi zikauke. Lakini feni huisukuma hewa tu. Haiondoi mvuke uliomo ndani yake. Carrier alijiuliza swali lililo la msingi zaidi: hewa yaweza kubeba mvuke kiasi gani, na kitu gani hukibadilisha kiasi hicho?

Jibu lake ni hili: kinachokibadilisha ni joto. Hewa yenye joto yaweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Tazama jedwali lifuatalo. Linaonyesha mvuke mwingi kabisa unaoweza kuwamo katika mita moja ya ujazo ya hewa:

Digrii 0 za Sentigredi: karibu gramu 5
Digrii 5: karibu gramu 7
Digrii 10: karibu gramu 9
Digrii 15: karibu gramu 13
Digrii 20: karibu gramu 17
Digrii 25: karibu gramu 23
Digrii 30: karibu gramu 30

Hewa iliyobeba mvuke wote inaoweza kuubeba huitwa hewa iliyoshiba. Unyevu wake ni asilimia 100. Ikibeba nusu ya kiasi hicho, unyevu wake ni asilimia 50. Sasa fikiri: hewa iliyoshiba ikipozwa itafanya nini? Haiwezi tena kuubeba mzigo wake wote. Mvuke uliozidi hugeuka kuwa maji. Ndiyo maana bilauri yenye maji baridi sana hutokwa na matone upande wa nje. Maji hayo hayakupenya katika kioo. Yametoka katika hewa.

Carrier alitumia kanuni hiyo. Wakati wa joto, hewa ya kiwanda ilipitishwa katika mabomba ya baridi. Mvuke uliozidi ukawa maji na kudondoka. Wakati wa baridi, hewa ilikuwa kavu mno, kwa hiyo mvuke wa maji yaliyochemshwa uliongezwa ndani yake. Lengo lilikuwa kuuweka unyevu katika asilimia 55 mwaka mzima, halijoto ikiwa karibu digrii 21 wakati wa baridi na karibu digrii 27 wakati wa joto. Michoro ya mtambo huo ina tarehe ya 17 Julai 1902. Siku hiyo huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa mitambo ya kisasa ya kutengeneza hali ya hewa ndani ya majengo.

Ukungu katika stesheni

Carrier hakuridhika. Mabomba ya chuma yalipata kutu, na kuutawala unyevu kwa usahihi kulikuwa kugumu. Mwishoni mwa mwaka 1902 alikuwa akisubiri garimoshi usiku katika stesheni ya Pittsburgh. Kulikuwa na baridi, na ukungu mzito ulikuwa umeifunika stesheni yote. Wasafiri wengine waliona ukungu tu. Carrier aliona hewa iliyoshiba.

Alifikiri hivi. Hewa hii imejaa matone ya maji, nayo imeshiba kabisa. Lakini kwa kuwa ni ya baridi, mvuke uliomo ndani yake ni kidogo. Basi, mtu akiweza kutengeneza ukungu wake mwenyewe, na kuuchagulia halijoto anayoitaka, ataweza kupata hewa yenye mvuke kiasi chochote atakacho.

Soma fungu hilo tena polepole, kwa maana hapo ndipo lilipo fumbo zuri. Carrier alikuwa akisema kwamba hewa yaweza kukaushwa kwa kunyunyiziwa maji! Wengi wangecheka. Lakini tufanye hesabu kwa kutumia jedwali letu.

Tuseme tunanyunyiza maji ya digrii 10 kwa matone madogo sana, na kupitisha hewa katikati ya matone hayo mpaka hewa nayo ifikie digrii 10 na kushiba. Kila mita moja ya ujazo itakuwa na gramu 9 za mvuke. Kisha tunaipasha hewa hiyo joto mpaka digrii 20. Hewa ya digrii 20 yaweza kubeba gramu 17, lakini hii ina gramu 9 tu. Gawanya 9 kwa 17, zidisha kwa 100. Utapata karibu asilimia 53.

Sasa ikiwa ni wakati wa joto, na hewa ya nje ilikuwa na gramu 20 za mvuke, hewa hiyo imepoteza gramu 11 katika matone ya baridi. Imekaushwa. Ikiwa ni wakati wa baridi, na hewa ya nje ilikuwa na gramu 5, imeongezewa gramu 4. Imeloweshwa. Mtambo ni ule ule, maji ni yale yale, na mwishowe hewa iko sawa. Tofauti ni kwamba wakati wa joto maji hupozwa, na wakati wa baridi hupashwa moto kidogo.

Carrier alitengeneza chumba ambamo hewa ilipita katikati ya manyunyu ya maji, na mwisho wake palikuwa na mabati ya kuzuia matone yasiende mbali. Manyunyu hayo yaliiosha hewa pia, yakaondoa vumbi. Tarehe 2 Januari 1906 serikali ya Marekani ilimpa hati namba 808897 ya kuulinda uvumbuzi wake.

Viwanda vya pamba na kanuni za hewa

Mwaka huo wa 1906 mtambo wake ulipelekwa katika kiwanda cha pamba mjini Belmont, katika jimbo la North Carolina. Shida ya kiwanda cha pamba ilikuwa kinyume cha ile ya wapiga chapa. Mashine nyingi za kusokota nyuzi, zikizunguka kwa kasi, hutoa joto jingi. Hewa hupata joto, na pamba hukauka. Pamba kavu hukatika ovyo. Tena, pamba kavu ikisuguliwa hupata umeme tuli. Nyuzi husimama na kukimbiana, kama nywele zinavyosimama zikichanwa kwa kitana siku ya ukavu. Kila uzi unapokatika, mfanyakazi hulazimika kuusimamisha msokoto na kuuunga uzi. Hapo walihitaji mtu wa kuongeza unyevu, na kuuongeza kwa kipimo.

Carrier aliendelea kupima kwa miaka mingine mitano. Mwaka 1911 aliwasomea wahandisi wenzake wa Marekani kanuni zake zinazoonyesha uhusiano wa halijoto, mvuke na unyevu wa hewa, pamoja na mchoro wa kuzitumia. Michoro ya namna hiyo bado hutumiwa na wahandisi wa hewa duniani. Kabla ya hapo kazi hiyo ilitegemea sana kukisia. Baada ya hapo ikawa sayansi yenye hesabu.

Lakini maarifa peke yake hayamhakikishii mtu riziki. Mwaka 1914, vita vilipoanza Ulaya, wakubwa wa Buffalo Forge waliogopa hasara, wakaamua kubaki na kutengeneza mashine tu na kuacha kazi ya kubuni mitambo ya hewa. Carrier angeweza kukaa kimya na kulinda mshahara wake. Badala yake, mwaka 1915 yeye na wenzake sita walikusanya dola 32,600 wakaanzisha kampuni yao wenyewe. Haikuwa fedha nyingi kwa kazi waliyoikusudia. Kama wangeshindwa, wangepoteza akiba zao. Hawakushindwa. Mwaka 1922 Carrier alionyesha mtambo mpya wa kupoza uliokuwa mdogo na salama zaidi kuliko ile ya zamani, na mwaka 1925 mtambo wa namna hiyo ulifungwa katika jumba la sinema la Rivoli mjini New York. Tangu hapo watu wa kawaida walianza kuufahamu uvumbuzi wake.

Hewa ya nyumbani wakati wa baridi

Sasa turudi kwenye zile nyumba zilizofungwa madirisha wakati wa theluji. Kwa nini midomo ya watu walio ndani hupasuka, ngozi yao huwasha, na koo hukauka usiku, ingawa nje kuna theluji tele?

Tazama tena jedwali. Nje ni digrii 0. Hata kama hewa ya nje imeshiba, ina gramu 5 tu za mvuke. Hewa hiyo huingia ndani kupitia nyufa na milango, na moto wa nyumba huipasha mpaka digrii 20. Hakuna maji yaliyoondolewa. Lakini sasa hewa yaweza kubeba gramu 17, nayo ina gramu 5. Unyevu wake ni karibu asilimia 29. Baridi ya nje ikizidi, unyevu wa ndani hupungua zaidi. Hewa kama hiyo ina kiu. Huchukua maji popote iyapatapo: katika ngozi, puani, katika mbao za meza na katika udongo wa vyungu vya maua.

Tangu zamani watu wa nchi za baridi waliweka sufuria ya maji juu ya jiko la kupashia nyumba joto, ili mvuke wake upunguze kiu hiyo. Mwaka 1928 kampuni ya Carrier ilianza kuuza mtambo wa nyumbani ambao wakati wa baridi uliipasha hewa joto, ukaisafisha na kuiongezea unyevu. Mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ulianguka vibaya, na watu wachache tu waliweza kununua vitu kama hivyo. Siku hizi kuna vyombo vidogo vya kuongeza unyevu vinavyowekwa mezani. Baadhi huchemsha maji. Vingine vina feni inayopuliza hewa katika kitambaa au sifongo iliyolowa. Vingine hutetemesha maji kwa kasi kubwa sana mpaka yakawa ukungu mwembamba.

Je, maji kiasi gani yanahitajika? Chukua chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita 30 za ujazo. Tukitaka kuongeza mvuke kutoka gramu 5 hadi gramu 8 kwa kila mita ya ujazo, tunahitaji 3 mara 30, yaani gramu 90 za maji. Hizo hazijazi hata nusu ya bilauri. Lakini hewa haikai. Huingia na kutoka. Ikiwa hewa yote ya chumba hubadilika mara moja kwa saa, basi kila saa tunahitaji gramu 90 nyingine. Kwa usiku wa saa 8 tutahitaji gramu 720. Ndiyo maana vyombo hivyo huwa na tangi la maji.

Hapa yakupasa uwe mwangalifu. Usifikiri kwamba unyevu ukiwa mwingi zaidi afya nayo itakuwa bora zaidi. Wataalamu hushauri unyevu wa ndani uwe kati ya asilimia 30 na 50. Ukizidi, mvuke hugeuka maji juu ya madirisha na kuta za baridi, na kuvu huota. Kuvu na wadudu wadogo wa vumbi huwadhuru watu wenye ugonjwa wa pumu. Kwa hiyo mwenye chombo cha kuongeza unyevu huhitaji pia kipimo cha unyevu, kiitwacho haigromita. Maji ya tangini yabadilishwe kila siku, na chombo kisafishwe mara kwa mara. Maji yaliyolala huzaa vijidudu, na chombo kichafu huvirusha hewani watu wavivute. Vile vyombo vinavyotetemesha maji hurusha pia chumvi zilizomo ndani ya maji, kwa hiyo ni afadhali kutumia maji yaliyotoneshwa, yaani yale yaliyopatikana kwa kuupoza mvuke. Na chombo kinachochemsha maji kiwekwe mbali na watoto, kisije kikawaunguza.

Unaona basi kwamba somo la Carrier lilikuwa kupima. Wapiga chapa walitaka asilimia 55, wala si zaidi, wala si pungufu. Mtu anayelala katika chumba chenye hewa kavu naye ana kipimo kinachomfaa. Anayeongeza maji bila kupima atahama kutoka shida moja na kuingia katika nyingine.

Mwisho wa maisha yake

Willis Carrier alifariki mjini New York tarehe 7 Oktoba 1950, akiwa na umri wa miaka 73. Alizikwa Buffalo, mji alioanzia kazi. Leo mitambo iliyotokana na maarifa yake hutumika katika hospitali, katika maghala ya dawa, katika majumba ya makumbusho yanayohifadhi vitabu na picha za kale, na katika viwanda vya vitu vidogo visivyovumilia vumbi wala unyevu. Mtoto aliyekata matofaa ili aelewe hesabu za sehemu aliishia kuigawa hewa yenyewe katika sehemu zake: joto, mvuke na vumbi. Alikipima kila kipande peke yake, kisha akakitawala.

Jaribio

Vifaa: mkebe wa bati unaong'aa, maji, vipande vya barafu, kipimajoto, kijiti cha kukorogea.

1. Pima halijoto ya hewa ya darasa. Iandike.
2. Tia maji katika mkebe mpaka nusu. Hakikisha kwamba mkebe ni mkavu upande wa nje.
3. Weka kipimajoto ndani ya maji. Ongeza barafu kipande kimoja kimoja, huku ukikoroga polepole. Usiupulizie mkebe pumzi yako.
4. Angalia upande wa nje wa mkebe. Mara uonapo umande wa kwanza, soma kipimajoto. Andika halijoto hiyo.
5. Tafuta katika jedwali gramu za mvuke zinazolingana na halijoto ya umande, na zile zinazolingana na halijoto ya darasa. Gawanya za kwanza kwa za pili, kisha zidisha kwa 100. Umepata unyevu wa hewa ya darasa lako kwa asilimia.

Rudia jaribio hili wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kisha ulinganishe majibu.

Maswali

1. Kwa nini feni peke yake isingeweza kuwaondolea shida wapiga chapa wa Brooklyn?
2. Eleza jinsi hewa inavyoweza kukaushwa kwa kunyunyiziwa maji ya baridi.
3. Hewa ya darasa ina digrii 30. Umande wa kwanza unaonekana kwenye mkebe kwa digrii 20. Unyevu wa hewa hiyo ni asilimia ngapi?
4. Hewa ya nje ina digrii 5 na imeshiba. Ikiingia ndani na kupashwa joto mpaka digrii 25, unyevu wake utakuwa asilimia ngapi? Je, maji yamepungua?
5. Taja madhara mawili ya hewa kavu mno, na mawili ya hewa yenye unyevu mno.
6. Kwa nini maji ya chombo cha kuongeza unyevu hayafai kulala humo siku nyingi?
7. Maji ya mtungi wa udongo huwa baridi kuliko maji ya ndoo. Je, yatapoa upesi zaidi siku ya hewa kavu au siku ya hewa yenye unyevu mwingi? Toa sababu.